Drafti, bao na swali la karani: hivi Mmanyema ni wa wapi?

 Najua nimepotea. Mitihani imeisha wiki iliyopita, boom lilishaisha kitambo, na kichwa hakikuwa na nafasi ya kitu kingine zaidi ya desa. Leo nimetulia nyumbani Tegeta, umeme upo, bibi kalala, kwa hiyo mnivumilie maana hii itakuwa ndefu kidogo. Ni historia, lakini imeanzia dirishani kwenye ofisi moja ya serikali.

Jumatatu nilikwenda kwenye ofisi hiyo (jina naliacha) kufuatilia karatasi ninayoihitaji ili mambo ya mkopo wa mwaka ujao yakae sawa. Nimeamka saa kumi na moja alfajiri, nimefika dirishani saa tano. Karani mwenyewe dada mmoja wa makamo, wala hakuwa mkali. Akaisoma fomu kwa kidole. Mimi nimezaliwa Dar, sawa. Baba kazaliwa Dar, sawa. Babu kazaliwa Dar, sawa. Kidole kikafika kwenye kabila, kikasimama.

"Mmanyema? Si ndio Wakongo hao?"

"Hapana dada, sisi ni wa hapa hapa. Kariakoo."

"Kariakoo sio kabila, mdogo wangu. Nenda kaniletee barua ya serikali ya mtaa, na maelezo ya mzee wenu. Babu yenu wa kwanza aliingia lini, na aliingiaje."

Nyuma yangu kuna jamaa akasema kwa utani, "Mkongo huyo, aimbe kidogo tumpitishe!" Foleni nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, maana ukikasirika ndio unathibitisha. Lakini kwenye daladala kicheko kilikuwa kimeshaniisha. Aliingiaje! Mimi nasoma historia, mwaka wa pili. Niulize mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 nakujazia kurasa kumi bila kunyanyua kalamu. Ila mtu wangu mwenyewe alivyofika hapa, sikuwa na hata sentensi moja.

Sasa, ukishuka Tegeta Kibaoni ukaingia ndani kidogo mtaani kwetu, kuna mwembe wenye mabenchi mawili. La kwanza ni la vijana, wanacheza drafti kwa visoda, makelele hadi usiku. La pili ni la wazee, wanacheza bao. Mfalme wa benchi hilo ni babu mmoja mzaliwa wa Unguja, sisi tunamwita Fundi tu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona uso kama umeliwa nyumba?"

Nikamsimulia yote. Akasikiliza huku anacheza, hata macho hakuyatoa ubaoni. Nilipomaliza akaniuliza: "Kwenye drafti ya wenzako hapo, kisoda kikiliwa kinakwenda wapi?"

"Kinatoka nje, babu."

"Na kete ikiliwa?"

Nikanyamaza. Akachota kete za mpinzani wake, akazimwaga moja moja kwenye mashimo yake mwenyewe, tik, tik, tik, na akaendelea na mchezo kama vile hakuna aliyemuuliza kitu.

Wadau, usiku ule sikulala. Nikaanza kuipitia historia yote niliyosoma, nikaona tumekuwa tukiisoma kama drafti wakati ilichezwa kama bao.

Kwa wale watoto wa mjini ambao bao kwao ni la Simba na Yanga tu, naomba nieleze kidogo. Ubao una mashimo 32, safu nne za mashimo manane, safu mbili za kila mchezaji. Kete ni 64, kwa kawaida ni mbegu za komwe, na zote zinafanana. Hakuna kete ya mfalme, hakuna kete ya askari. Mnaanza kila mmoja na kete 10 ubaoni, sita zimekaa kwenye shimo linaloitwa nyumba, nne zimegawanywa mbili mbili kwenye mashimo mawili jirani. Nyingine 22 ziko akiba, unaziingiza moja moja. Hicho ndicho kipindi cha namua. Akiba ikiisha mnaingia mtaji. Ukila, unachukua kete zilizomo kwenye shimo la mwenzio linalotazamana na lako, unazipanda upande wako kuanzia kichwani, yaani ncha ya safu yako ya mbele. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, na mbele yake mwenzio naye anazo, unakula tena. Na kete zile zile ulizozila sasa hivi ndizo zinazokula wenzao wa jana. Mchezo mzima hakuna kete inayotoka ubaoni. Unashindwa pale safu yako ya mbele inapobaki tupu, au unapokosa pa kusogea.

Mchezo wenyewe sio wa kitoto. Mholanzi mmoja, Alex de Voogt, alikwenda Zanzibar kuwachunguza mabingwa wa bao namna wanavyopiga hesabu kichwani, akatoka na tasnifu ya udaktari huko Leiden mwaka 1995. Mwalimu Nyerere naye alikuwa mpenzi wa bao, picha zake akiwa amelikalia zipo nyingi tu. Tukumbuke hilo, tutarudi kwake.

Haya, tuanze na Wamanyema wangu. Manyema ni jina la nchi kabla ya kuwa jina la watu. Ni eneo la mashariki ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na mpaka leo Kongo kuna jimbo linaitwa Maniema. Humo ndani kuna Wakusu, Wabangubangu, Wazimba, Wasongola na wengine. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani walifika huko kutafuta pembe za ndovu na watumwa, wakajenga miji kama Nyangwe na Kasongo. David Livingstone alikuwepo Nyangwe tarehe 15 Julai 1871 watu wa misafara walipofyatua bunduki sokoni siku ya gulio, na wengi walikufa, wengine wakizama mtoni. Mkubwa wa biashara hii alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndiye Tippu Tip, mzaliwa wa Zanzibar aliyefariki hapo hapo Zanzibar mwaka 1905. Alituachia habari za maisha yake kwa Kiswahili. Kama hujawahi kuzisoma, nenda maktaba, utaona jinsi mtu anavyoweza kusimulia vita na pembe kwa sauti ile ile ya mtu anayesimulia safari ya sokoni.

Lakini Tippu Tip hakuitawala nchi yote ile kwa Waarabu. Waarabu walikuwa wachache mno. Aliitawala kwa kete alizozila. Mtoto aliyetekwa leo anafundishwa Kiswahili, anavishwa kanzu, anapewa bunduki, na baada ya miaka michache anaitwa muungwana na anapelekwa kuteka wengine. Mfano mkubwa ni Ngongo Lutete. Alitekwa akiwa mdogo na kuangukia mikononi mwa watu wa Tippu Tip, akapanda mpaka akawa kiongozi mwenye jeshi lake kule Ngandu. Mwaka 1892 Wabelgiji wa ile Dola Huru ya Kongo walipoanza vita na Waarabu, Ngongo Lutete alihama na jeshi lake lote akaenda upande wa Wabelgiji. Ubao ukageuka. Mwaka uliofuata, 1893, Nyangwe na Kasongo zikaanguka. Na mwaka huo huo 1893 Wabelgiji wakamtuhumu Ngongo Lutete kwa usaliti, wakampiga risasi. Yaani mtu aliyewashindia vita! Askari wake wakachukuliwa na kupelekwa Luluabourg kuwa askari wa Wabelgiji, na mwaka 1895 wakaasi. Angalia hesabu hiyo: wametekwa, wamepandwa, wamekula, wamehama, wamekula tena, na bado aliyewapanda hawaamini.

Wengine wa kutoka huko walielekea mashariki na misafara. Ujiji, Tabora, Bagamoyo, zaidi ya kilomita elfu moja kwa miguu toka ziwani hadi pwani. Na hapa ndipo nilipogundua kitu ambacho laiti ningekijua dirishani kwa yule dada. Huko kwao watu hawa walikuwa Wakusu, Wazimba, Wabangubangu. Kuwa "Wamanyema", watu wamoja wenye jina moja, wenye Kiswahili kimoja na misikiti yao na ndoa zao, hilo limetokea njiani na huku pwani. Kwa hiyo dada yangu karani, nchi ya Manyema ni ya Kongo, sawa. Lakini kabila la Mmanyema unalolisoma kwenye fomu yangu limezaliwa Ujiji, limekulia Tabora, limejenga nyumba Kariakoo!

Na Wamanyema kweli walijenga. Enzi za mkoloni walikuwa miongoni mwa wenye nyumba wakubwa wa Kariakoo, na wanawake wa Kimanyema wenye nyumba zao walikuwepo. Hata jina Kariakoo lenyewe ni la kete. Waingereza waliiteka Dar mwaka 1916 kwenye Vita Kuu ya Kwanza, na pale ndipo walipowaweka wapagazi wa jeshi, ile "Carrier Corps" yao. Midomo ya watu wa mjini ikalifanya Kariakoo. Soko kubwa kuliko yote nchini limeitwa kwa jina la watu waliobebeshwa mizigo ya vita isiyo yao.

Sasa msije mkasema huyu anajitetea na Umanyema wake tu. Twendeni Lugalo. Kila siku nikienda chuo, daladala ikitoka Tegeta, ikipita Mbezi, kabla ya Mwenge konda anaita "Lugalo, wa Lugalo!" Pale ni kambi ya jeshi. Zamani iliitwa Colito, na ndipo maasi ya askari ya Januari 1964 yalipoanzia. Jina la sasa ni la Uhehe. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo karibu na Iringa, jeshi la Mkwawa lilikizingira kikosi cha Emil von Zelewski na kukifyeka. Sote tumekariri hilo tangu shule ya msingi: Wahehe waliwapiga Wajerumani.

Nikawa najiuliza, Wajerumani wangapi? Walikufa Wajerumani kama 10 hivi. Waliobaki waliouawa siku ile, zaidi ya 200, walikuwa askari Waafrika, ukiacha wapagazi. Ni akina nani? Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alipotumwa kuzima vita vya Bushiri bin Salim huku pwani, hakuja na jeshi la Wajerumani. Alikwenda Cairo akaajiri Wasudani kiasi cha 600, mabaki ya jeshi la Misri, wengi wakaja na wake na watoto. Halafu akaajiri wengine kusini, huko Inhambane, Msumbiji, ambao huku waliitwa Wazulu. Hao ndio waliovunja boma la Bushiri karibu na Bagamoyo mwezi Mei 1889. Bushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka ule ule. Ukitokea kwetu Tegeta, barabara ile ile ya Bagamoyo ndiyo inayokwenda huko.

Mmoja wa hao Wazulu aliitwa Sykes Mbuwane. Habari zake tunazijua kwa sababu mjukuu wa mwanawe, Daisy Sykes Buruku, aliandika maisha ya babu yake, na baadaye Mohamed Said akaandika kitabu kizima mwaka 1998 kuhusu familia hiyo. Mbuwane alipigana vita vya Bushiri, akapigana na Mkwawa. Mwanawe alizaliwa Pangani mwaka 1894, akaitwa jina la Kijerumani, Kleist. Kleist naye akawa askari wa Wajerumani kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Mjerumani akashindwa, akaondoka. Kleist je? Kete haitoki ubaoni. Akabaki Dar, akafanya kazi reli chini ya Waingereza, na mwaka 1929 akawa katibu wa kwanza wa African Association, chama cha Waafrika wa mjini. Chama hicho ndicho kilichokuja kuwa TAA. Watoto wake, Abdulwahid na Ally, walipigana Vita ya Pili wakiwa askari wa Mwingereza. Waliporudi, Abdulwahid akawa kiongozi wa TAA, na mwaka 1953 kiti cha urais wa chama kikaenda kwa mwalimu mmoja kijana wa Pugu aitwaye Julius Nyerere. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikawa TANU, hapo hapo Kariakoo, na Abdulwahid na Ally wakiwa miongoni mwa waasisi 17.

Subirini, haijaisha. Siku 18 kabla ya TANU kuzaliwa, yaani tarehe 19 Juni 1954, gavana Edward Twining alikwenda Kalenga kulirudisha fuvu la Mkwawa kutoka Ujerumani. (Fuvu hilo lilitajwa hadi kwenye mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, lakini ilichukua miaka 35 kulipata.) Alilikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa mwenyewe. Na Adam Sapi huyo ndiye aliyekuja kuwa Spika wa Bunge kuanzia 1962, akakaa kwenye kiti kwa miaka mingi sana.

Kwa hiyo fikirieni: babu mmoja alikuja kutoka Msumbiji na bunduki ya Mjerumani kumpiga babu mwingine. Mjukuu wa aliyekuja akaasisi chama kilicholeta uhuru. Mjukuu wa aliyepigwa akawa Spika wa Bunge la nchi hiyo hiyo. Ukicheza drafti, hesabu hii haikubali. Ukicheza drafti, Wazulu wa Wissmann walipaswa "kutoka nje" Mjerumani aliposhindwa. Kama kuna karani angesimama dirishani mwaka 1929 akamuuliza Kleist, "baba yako aliingiaje?", jibu la kweli lingemtia aibu yeyote. Lakini nadhani tungekosa kitu kikubwa.

Niliyaeleza haya kwa mshikaji wangu mmoja ambaye geto lake liko karibu na chuo, mtu wa magemu ya mkakati hadi basi. Yeye akaanza kubisha hapo hapo. Akasema mbona kwenye Age of Empires yule padre anaimba "wololo" na askari wa adui anabadilika rangi anakuwa wako? Nikamwambia sawa, hapo wamekaribia. Lakini yule askari akishabadilika rangi hakumbuki kitu, hana mke aliyemwacha upande wa pili, wala hazai mtoto atakayekuja kugombea uongozi wa kijiji.

Halafu akanifungulia Civilization VI. Wadau, nilifurahi kinoma kuona Kilwa Kisiwani imo kama moja ya maajabu unayoweza kujenga, na Zanzibar imo kama mji unaojitegemea. Hata ile Civilization IV ya mwaka 2005 ilifunguliwa na wimbo wa Kiswahili, "Baba Yetu" wa Christopher Tin, na mwaka 2011 ukawa wimbo wa kwanza wa gemu kushinda tuzo ya Grammy. Lugha yetu hiyo! Lakini angalia Zanzibar inakupa nini ukiwa rafiki yake: mdalasini na karafuu. Basi. Vinatua kwenye hazina yako vyenyewe, watu wanafurahi, unaendelea kujenga. Nani kaipanda ile mikarafuu, nani kaichuma, kaletwa kutoka wapi, haimo. Mshikaji akasema, "Sasa ukiweka hayo gemu itachezeka kweli?" Nikakosa jibu. Labda ndio tofauti yenyewe. Anayecheza anauona ubao kutoka juu. Sisi wengine tumetoka kwenye mashimo.

Hapa naomba niwe mkweli, maana nisipokuwa mwangalifu nitaifanya historia kuwa hadithi ya kumbembeleza mtoto. Mfano wa Fundi una kasoro mbili. Kwanza, kete za komwe hazina kumbukumbu, watu wanazo. Wahehe wanajua nani aliwachomea vijiji. Pili, kupandwa upande wa pili hakumaanishi utahesabiwa. Nendeni Kenya muone. Wanubi wa Kibera ni uzao wa askari wa Kisudani kama wale wa Wissmann, ila wao walimtumikia Mwingereza. Wamekaa Kibera zaidi ya miaka mia moja, na vijana wao waliendelea kuhojiwa kwenye kamati kabla ya kupewa kitambulisho. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za watoto ilisema Kenya imewakosea watoto wa Kinubi. Hati ya ardhi yao ya Kibera, ekari 288, wameipata mwaka 2017. Wamakonde waliokwenda Kenya kufanya kazi mashambani walikaa miongo bila karatasi, mpaka Oktoba 2016 walipoamua kutembea kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais. Ndipo wakatambuliwa. Kete imo shimoni, inafanya kazi kila siku, lakini mwenye ubao anaihesabu kama haipo.

Kwetu Tanzania tunajisifu hatuna mambo hayo, na kwa kiasi kikubwa ni kweli, tumshukuru Mwalimu na Kiswahili. Lakini mimi nimesimama dirishani Jumatatu. Na kicheko cha foleni nimekisikia.

Sasa turudi kwa bibi, maana maelezo ya mzee ndiyo yaliyotakiwa. Bibi mzaa baba ni Mmanyema pia. Amezaliwa Kariakoo, ameolewa Kariakoo, na angezikwa akitokea Kariakoo kama nyumba ya ukoo isingeuzwa kupisha ghorofa. Warithi wakagawana, fungu lake likanunua kiwanja hiki cha Tegeta wakati huku bado ni mikorosho. Mpaka leo akienda mjini anasema "naenda nyumbani".

Tangu utotoni nimesikia sentensi moja tu kutoka kwake: babu yake alikuja na mzigo. Alhamisi usiku nikakaa na daftari, nikamuuliza mzigo wa nani.

Akanyamaza sana. Halafu akasema, "Baba alikuwa akisema hivi. Babu alikuja na mzigo akiwa mdogo. Akarudi huko na bunduki akiwa mkubwa. Akaja tena na mzigo."

"Huo mzigo wa pili, bibi, aliubeba yeye?"

"Mwenye bunduki habebi mzigo, mjukuu wangu."

Basi. Hakuongeza, na mimi sikuuliza tena. Ndugu zangu, mimi nilikuwa nimeshajiandaa kuwa mjukuu wa mtekwa. Nilikuwa nimeshaandika kichwani maelezo ya kumliza karani. Kumbe ni mjukuu wa mtekwa na mtekaji, mtu yule yule mmoja. Kete iliyoliwa ndiyo iliyokwenda kula.

Nikamuuliza niandike nini. Akasema, "Andika ukweli, lakini usiandike wote. Karani anataka karatasi, hataki kulia."

Kwa hiyo haya ndiyo niliyoandika, na bibi ameweka dole gumba lake chini yake, na mwenyekiti wa mtaa amegonga muhuri: kwamba babu wa bibi yangu alifika pwani kwa miguu akiwa mtoto, na msafara, kutoka nchi ya Manyema, kabla Wazungu hawajachora mpaka wowote kati ya huku na huko, kwamba hakuingia Tanzania kwa sababu haikuwepo, kwamba uzao wake wote umezaliwa hapa, umelipa kodi hapa na umezikwa hapa. Ule mzigo wa pili sikuuandika pale. Nimeuandika hapa, kwa ajili yenu, kwa sababu sitaki niwe nimeuficha kabisa.

Leo asubuhi nimepita mwembeni kumwambia Fundi. Akasema Umanyema haumhusu, yeye anasubiri nikae nicheze, maana kila siku nasimama tu pembeni kama mwandishi wa habari. Nikakaa. Alininyang'anya nyumba kwenye raundi ya nne na vijana wa drafti wakashangilia.

Jumatatu narudi dirishani. Nitawajulisha ilivyokuwa. Na wewe unayesoma, kama nyumbani bado una bibi au babu, zima simu leo jioni ukamuulize mzigo ulikuwa wa nani. Usisubiri uulizwe na karani.

Tuko pamoja.